Taa za ruta zilivyonipunguzia nauli ya daladala

Steshenari yetu iko Mwanjelwa, mimi nakaa Uyole. Kila umeme ukikatika na kurudi, mdogo wangu ananipigia: "Kaka, neti hakuna." Namuuliza kama modemu imekaa vizuri, anasema imekaa. Napanda daladala, nafika, naisukuma kidogo tu, neti inarudi. Si kosa lake. Ruta iko juu ya kabati la karatasi, modemu na eksteno (diski ya nje) ya kazi za wateja zimechomekwa kwa nyuma, na mtu wa kaunta haoni kitu.

Ruta ni ya mtumba, nimeiwekea OpenWrt, programu ya ruta inayotumia Linux. Mbele ina taa mbili zenye alama ya USB, ila tangu nibadilishe programu hazikuwahi kuwaka. Jumapili moja ya Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua, nikajifungia dukani na chupa ya chai.

Kwenye Linux kila taa ina folda yake ndani ya /sys/class/leds, na humo kuna faili la trigger linaloamua taa iwashwe na nini. Nilichokitaka, usbport, kinachowasha taa kifaa kikiwa kwenye tundu la USB, hakikuwemo, nikasakinisha kifurushi cha kmod-usb-ledtrig-usbport. Nikaandika usbport kwenye lile faili, ikatokea folda ya ports, nikaweka 1 kwenye usb1-port1, tundu la modemu. Nachomoa modemu, taa inazima. Nachomeka, inawaka. Nilicheka peke yangu.

Eksteno ndiyo iliyonitoa jasho. Flashi ya zamani nikiichomeka kwenye tundu lake, taa inawaka. Eksteno yenyewe, kimya, na mafaili yanafunguka vizuri tu! Saa nzima nalaumu waya. Kumbe tundu la USB 3.0 lina njia mbili ndani yake, na Linux inalihesabu kama matundu mawili. Kwangu flashi ya 2.0 ilikuwa inaonekana usb2-port1, eksteno ya 3.0 inaonekana usb3-port1. Nikaweka 1 kote kuwili.

Sijamaliza hata chai, umeme huo ukakatika. Uliporudi, taa zote giza. Nilisahau kwamba ya /sys hayahifadhiwi popote, hutengenezwa upya kila mashine inapowaka. Ikabidi nipitie kwenye brauza, menyu ya System, halafu LED Configuration, nijaze yale yale. Huko yanaandikwa kwenye /etc/config/system na hayapotei.

Ila usbport inajua tu kwamba kifaa kipo. Kama kina mtandao au hakina, hiyo haiihusu. Kwa hiyo taa ya intaneti nikaipa netdev, trigger inayofuata laini ya mtandao, nikaifunga kwenye laini ya modemu, icheze data ikipita.

Juzi simu ikaita tena.

"Kaka, ya modemu inawaka, ya eksteno inawaka, ya intaneti inawaka ila haichezi."

"Bando umenunua lini?"

Akakata simu.