Kumsaka Askari wa Kwenye Kopo la Biskuti

Kazi yangu hapa Dublin ni kutunza wazee majumbani mwao. Mmoja wao ana miaka 91, na tangu nilipomweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake huitwa Mzee, hataki tena kuitwa jina lake. Februari, nikimtafutia soksi, nilivuta kutoka uvunguni kopo la biskuti lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na nembo ya kofia ya jeshi, shaba iliyofifia: kinubi, juu yake taji, na chini yake utepe ulioandikwa Connaught Rangers.

"Rudisha hicho," alisema. Baada ya chai akabadilika. "Haya, kilete."

Nembo ilikuwa ya baba yake. Kuhusu baba huyo Mzee alijua mambo mawili tu: alikuwa askari wa kikosi hicho, na alikuwa India pamoja na James Daly. Mengine hakuwahi kuyasikia, maana baba alifariki yeye akiwa bado shule. Akaniomba nimfuatilie, kwa kuwa magoti yake hayamfikishi tena hata getini. Nauli atalipa yeye, ila nimpelekee risiti.

Jina la Daly sikulijua. Nilikwenda kulisoma usiku, na ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee alilitamka akiwa amenyoosha mgongo. Connaught Rangers kilikuwa kikosi cha askari wa miguu kilichoundwa 1793 kwa vijana wa magharibi ya Ireland, wakimtumikia mfalme wa Uingereza. Walipigana Hispania dhidi ya majeshi ya Napoleon, wakaparamia kuta za Badajoz mwaka 1812, wakajijengea sifa ya ukali na ya udokozi, yote mawili kwa pamoja. Halafu ikaja Juni 1920. Batalioni ya kwanza ilikuwa Punjab, na barua kutoka nyumbani zikieleza jinsi askari wa mfalme huyo huyo walivyokuwa wakichoma nyumba na kupiga watu Ireland. Tarehe 28, kambini Jullundur, wanaume wachache walikwenda kwenye chumba cha walinzi wakasema hawatumikii tena. Kufika jioni walikuwa mamia. Habari ikapanda milimani hadi Solon, ambako Daly alishika uongozi. Waasi walinunua vitambaa sokoni, kijani, cheupe na cha rangi ya chungwa, wakashona bendera. Usiku wa Julai mosi walijaribu kuivamia ghala ya silaha wakiwa na singe tu, na wawili wakauawa. Daly alipigwa risasi na kikosi cha wauaji huko Dagshai tarehe 2 Novemba 1920. Wenzake waliohukumiwa kifo walipunguziwa adhabu, yeye hakupunguziwa.

Sasa huyo ndiye rafiki wa baba yangu, aliniambia Mzee.

Nilianzia mezani kwangu. Kumbukumbu za askari wa Uingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia ziliteketea kwa sehemu kubwa London, mabomu ya Wajerumani yalipoangukia ghala lake Septemba 1940, kwa hiyo faili la mtu ukilikosa usishangae. Faili la baba yake Mzee halikuwepo. Kilichosalimika ni kadi za nishani, vikadi vidogo vya makarani waliohesabu nani anastahili nishani gani. Nikapata chake. Jina, namba, Connaught Rangers, na kwenye kona ya chini mwandiko wa wino: "2B", tarehe ya Agosti 1915. Pembeni: "Class Z". Nilidhani 2B ni namba ya chumba.

Jumamosi nikaondoka kwenda Boyle, mji mdogo wa kaunti ya Roscommon ambako kuna makumbusho ya kikosi. Safari ilianza kwa aibu. Nilikwenda Heuston, kwa sababu treni za magharibi huondokea Heuston, nikasimama chini ya ubao nikisoma majina hadi shingo ikauma. Boyle haimo. Treni ya Boyle ni ile ya Sligo, na hiyo huondokea Connolly, ng'ambo ya pili ya mji. Nikaruka kwenye tramu ya laini nyekundu nikihesabu vituo kama mtu anayehesabu pesa asizokuwa nazo. Nilifika milango ikijifunga.

Kutoka Mullingar dirisha lilijaa maji: ziwa, kinamasi, mto, ng'ombe waliosimama kwenye matope wakinitazama, kisha ziwa tena. Ukivuka mto Shannon karibu na Carrick unaelewa kwa nini vijana wa huku waliingia jeshini. Ardhi ni nzuri kwa macho, lakini shamba lenyewe ni kipande, na nyumbani kuna watoto tisa. Kwenye sensa ya 1911 nilikuwa nimemwona baba yake Mzee akiwa na miaka 15, kibarua wa shamba, na mkuu wa nyumba ametia alama ya msalaba badala ya sahihi. Siwezi kumlaumu aliyefuata shilingi ya mfalme kutoka nyumba hiyo.

Makumbusho yamo ndani ya King House, jumba kubwa la mawe la karne ya 18 lililojengwa na familia ya kitajiri iliyoitwa King, kisha likawa kambi. Kuta ni nene kiasi kwamba simu yangu ilipoteza mtandao mlangoni. Nilimkuta bwana mmoja wa kujitolea, miwani imening'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Nikampa kadi niliyochapisha. Hakuitazama hata nusu dakika.

"2B ni Gallipoli," alisema. "Batalioni ya tano."

Akanipeleka kwenye ramani. Batalioni hiyo ilishushwa pwani ya Uturuki mwanzoni mwa Agosti 1915, ikiwa sehemu ya divisheni ya kumi ya Waairishi. Joto, nzi, kuhara, na zaidi ya yote kiu, maana maji ya kunywa yaliletwa kwa meli. Tarehe 21 waliamriwa kuteka visima vya Kabak Kuyu, chini ya kilima kilichoitwa namba 60. Walivuka uwanja mtupu mbio, singe mbele, wakavichukua. Bwana yule aliweka kidole juu ya alama ya kisima kwenye ramani, doa la buluu dogo kuliko punje ya mchele. "Wengi waliofika hapa hawakuondoka," alisema.

Nikamuuliza kuhusu Z. Hapo alivua miwani. Daraja Z ni akiba: askari waliorudishwa nyumbani vita ilipokwisha, kwa sharti la kuitwa tena Ujerumani ikileta matata. Maana yake mtu huyu alivua sare 1919. Angeweza kujiandikisha upya na kwenda India, wengine walifanya hivyo. Lakini tulipofungua rejista ya ndoa za serikali kwenye kompyuta, tulimkuta Aprili 1920, amefunga ndoa umbali usiofika kilomita kumi kutoka pale tulipokaa. Kazi ya bwana harusi: kibarua. Mtoto wa kwanza kazaliwa Februari iliyofuata. Siku Daly anaongoza uasi Solon, baba yake Mzee alikuwa analima viazi vya watu Roscommon.

Nilirudi Dublin bila kusinzia. Nitamwambiaje?

Wiki iliyofuata nilikwenda Galway, nusu kwa wajibu na nusu kwa kuahirisha. Kambi ya Renmore, iliyokuwa makao ya kikosi, niliitazama kutoka nje ya uzio. Leo ni ya jeshi la Ireland na ina jina la Liam Mellows, aliyewaongoza waasi wa Galway Pasaka ya 1916, na batalioni iliyomo hupewa amri kwa Kiairishi. Kikosi chenyewe kilivunjwa 1922. Ireland kusini ilikuwa imepata serikali yake, na jeshi la Uingereza halikuwa na pa kuandikisha tena. Tarehe 12 Juni vikosi vitano vya miguu vilipeleka bendera zao Windsor vikamkabidhi Mfalme George wa Tano. Mwisho wa Julai havikuwepo. Waliokuwa ndani yake walirudi kwenye nchi iliyokuwa inaimba nyimbo nyingine.

Kwenye kurudi nilishuka Athlone. Rafiki yangu Mkenya anayeishi hapo alinipeleka kwa gari hadi Tyrrellspass, kijiji chenye uwanja wa majani katikati, mahali ambapo Daly alizikwa upya mwaka 1970, mwili wake uliporudishwa kutoka India. Nilikuwa nimeahidi maua. Kaburi linatunzwa, kuna mtu anang'oa magugu. Rafiki yangu alisimama mikono mfukoni. Babu yake alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Uingereza, alipelekwa Burma. "Wa kwetu angeasi namna hii," alisema, "nani angemrudisha nyumbani?" Mimi ni wa Kariakoo, mtaa uliochukua jina la wapagazi wa vita ile ya kwanza, ambao wengi wao hawakuandikwa majina popote, sembuse kadi yenye kona ya 2B. Sikuwa na jibu. Tuliweka maua, mvua ikaanza, tukakimbilia gari.

Mzee alinisubiri akiwa amevaa tai. Nilimpa picha ya kaburi kwanza, kwa woga, kisha kadi, kisha nikamweleza visima. Nilimweleza taratibu, kila kitu, mpaka harusi ya Aprili. Alikaa kimya muda mrefu, kidole gumba kikisugua kinubi kwenye nembo.

"Basi baba alikuongopea?" niliuliza, na papo hapo nikatamani niyameze maneno.

"Yeye? Yeye hakusema neno maisha yake yote." Akacheka, cheko fupi lililogeuka kikohozi. "India aliisema mama. Mwaka 1936 serikali ilipotunga sheria ya kuwalipa pensheni watu wa Daly, majirani walimuuliza mbona hadai. Akawajibu kwamba mume wake hauzi alichofanya kwa ajili ya nchi."

Akanyamaza tena. Mwanamke aliyeolewa Aprili 1920 alijua vizuri mume wake alikuwa wapi Juni.

"Visima," alisema. "Walivipata na maji?"

Nikasema ndiyo, vilikuwa na maji.

Alirudisha nembo ndani ya kopo, akakaza kifuniko, lakini kopo akaliacha mezani kando ya redio. Akanidai risiti, akazikagua moja moja, akauliza ile ya tramu ni ya nini. Nikiwa mlangoni nikivaa koti, akaniita.

"Dada yangu yuko Sligo, ana miaka 94. Akipiga simu ukapokea wewe, hujui lolote. Kwake baba bado yuko India."