Vumbi la Hombolo, machweo ya Accra

Septemba Dodoma ni vumbi tupu. Jumapili ile, tarehe 7 Septemba 2025, niliposhuka treni ya SGR nikienda kutazama kupatwa kwa mwezi, upepo ulinijaza mchanga machoni, na kijana wa bodaboda aliyenichukua alikuwa amejifunga kitambaa usoni, yanaonekana macho tu. Ihumwa tukachepuka kuelekea Hombolo. Tulipata pancha karibu na mashamba ya zabibu, nikawa na hofu kwamba mwezi utachomoza tungali tunatafuta gundi.

Mjomba alikuwa ameshakaa karibu na bwawa, kigoda kimoja chake, kingine changu, na karanga za kukaanga kwenye kikombe cha bati.

"Mbukwenyi, mjomba."

"Mbukwa, mpwa wangu. Umechelewa, umeshapatwa huo."

Kweli mwezi ulikuwa umetoka mwekundu upande wa pili wa maji. Lakini saa ilikuwa haijafika. Wekundu ule ulikuwa wa vumbi letu na moshi wa mapori yanayochomwa. Ulivyopanda ndivyo ulivyotakata, na saa 1:27 ndipo kivuli cha dunia kilipoanza kuumega. Kijijini kipaza sauti cha msikiti kikawaita watu kwenye sala ya kupatwa.

Nilichokifuata ni zile dakika za mwisho kabla ya saa 2:30, mwezi haujamezwa wote. Ukitazama kwa darubini ndogo, pale kivuli kinapokutana na sehemu yenye mwanga huwa pana utepe mwembamba wa samawati. Niliuona, hafifu, kama maji ya bluu ya kusuuzia nguo nyeupe. Utepe huo ni kazi ya ozoni, gesi iliyo juu angani. Mwanga wa jua unaopita juu kabisa, kwenye stratosfea, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, hukutana na ozoni inayofyonza rangi ya chungwa na nyekundu, ikabaki bluu. Mwanga unaopita chini zaidi hupoteza bluu yake kwa kutawanywa na hewa, ukapindwa na kufika mwezini ukiwa mwekundu. Januari 2019 darubini ya angani ya Hubble ilielekezwa kwenye mwezi uliopatwa, si kwenye dunia, ikaikuta alama ya ozoni yetu kwenye mwanga ule.

Mwezi ulipomezwa wote nikatoa daftari. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alituachia kipimo cha macho tu cha mwangaza wa mwezi uliopatwa: 0 ni mwezi usioonekana karibu kabisa, 4 ni wa rangi ya shaba inayong'aa. Mimi nikaandika 2. Mjomba akasema ni kutu ya jembe, niandike 3. Nikaacha 2, ila nikaongeza alama ya kuuliza kwa heshima yake.

"Sasa huu moshi wetu," akasema, "si ndio uliouchafua?"

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mimi zamani. Vumbi la Hombolo linatuharibia sisi kuona, lakini halikuupaka mwezi rangi. Mwanga uliofika kule ulipita ukingoni mwa dunia, mahali jua lilipokuwa likizama au kuchomoza. Saa 3:12 usiku wetu, kupatwa kulipofika kilele, Accra jua lilikuwa linazama na Fiji kunakucha. Hewa ya huko ndiyo tuliyokuwa tunaisoma. Kwa njia hiyo hiyo, baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka Ufilipino mwaka 1991, matone ya asidi ya salfa yalienea stratosfea duniani kote, na mwezi uliopatwa Desemba 1992 ukawa mweusi hata watu wakautafuta.

Mjomba akatafuna karanga kwanza.

"Na hao wa Accra wanauona?"

"Ndiyo kwanza unachomoza kwao, ukiwa hivyo hivyo."

Saa 3:52 ukingo mmoja ukaanza kung'aa. Nikampa darubini, naye hakuirudisha. Nilikaa nikisikiliza vyura wa bwawani mpaka aliposema, bila kugeuka, "Huu hapa utepe wako. Mwembamba kweli."