Namba ya insulini iliyobaki: nilivyojifunza kuisoma

Saa 7 usiku niliamka nimelowa jasho, mikono inatetemeka, kipimo cha sukari kinasoma 2.9 mmol/L, chini mno. Nilikunywa maji ya sukari nikakaa kitandani kungoja ipande, mkononi nimeshika pampu ya insulini, kifaa ninachokivaa kwa ajili ya kisukari, kinachoingiza insulini mwilini na kunihesabia dozi. Kilichonitia hofu ni kwamba kila dozi ya usiku ule nilikuwa nimeitoa kwa hesabu ya pampu yenyewe. Sikuongeza hata tone kwa kichwa changu.

Asubuhi nilichukua daftari, nikafungua kumbukumbu za pampu na kurudia kila kitu kwa mkono. Saa 1 usiku nilitoa uniti 6 za chakula. Saa 3 sukari ilikuwa 14. Lengo langu ni 6, na kwangu uniti 1 hushusha sukari kwa 2, kwa hiyo nilihitaji uniti 4 za kusahihisha, yaani za kuishusha sukari iliyopanda. Pampu ikaonyesha kwamba mwilini zimebaki 2, ikazipunguza, ikanipa 2. Saa 4 sukari ilikuwa 12, ikanipa 1.7 nyingine.

Hizo "zilizobaki 2" ilizipata wapi? Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Pampu haipimi insulini iliyo chini ya ngozi wala iliyo kwenye damu. Inajua dozi iliyotoka, wakati ilipotoka, na idadi ya masaa tuliyoiambia kwamba insulini hufanya kazi. Mengine yote ni hesabu. Yangu ilikuwa imewekewa masaa 3, na ilipunguza kwa mstari ulionyooka: kila saa ikipita, theluthi ya dozi inafutwa. Ndiyo maana baada ya masaa mawili uniti 6 zilikuwa 2, na kufika saa 4 usiku dozi ya chakula ilisomeka sifuri.

Mwilini haikuwa sifuri. Insulini za haraka kama lispro na aspart huanza kazi ndani ya robo saa hivi, hupata nguvu zaidi baada ya saa moja mpaka masaa mawili, kisha huburuta mkia mrefu. Kwa watu wengi mkia huo hufika masaa 4 mpaka 6, na dozi kubwa hukawia zaidi. Nilirudia hesabu ileile kwa masaa 5. Saa 3 usiku zingekuwa zimebaki 3.6, na pampu ingenipa 0.4 tu. Saa 4 ingenipa chini ya 0.3. Jumla 0.7, ilhali mimi nilijichoma 3.7. Uniti 3 za ziada, kila moja ikishusha 2: nilipoliona hilo kwenye karatasi nililia kidogo, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nimejilaumu kwamba sijui kuhesabu wanga wa chakula ninapopanga dozi.

Nilimpelekea daktari daftari lile. Tulikubaliana nijipime: siku ambayo sukari imepanda na tumbo halina chakula, nitoe dozi ya kusahihisha, nisile, nisifanye mazoezi, nipime kila nusu saa mpaka sukari iache kushuka. Nilirudia mara tatu. Kila mara ilitulia baada ya masaa manne na nusu hivi. Tukaweka masaa 5.

Pampu hazifanani, na hili ningependa kila anayevaa pampu aliulize siku ya kwanza. Nyingine hazitumii mstari ulionyooka bali uliopinda, unaofuata zaidi mwendo halisi wa dawa. Nyingine huondoa insulini iliyobaki kwenye dozi ya kusahihisha peke yake, na ya chakula haziigusi. Zile zinazojiendesha kwa kufuata sensa ya sukari huweza kuhesabu pia insulini ya msingi (ile inayotoka kidogokidogo mchana na usiku) iliyoongezwa au kukatwa, hata namba ikashuka chini ya sifuri. Kwa hiyo uniti 2 za pampu yangu na uniti 2 za pampu ya mwenzangu huenda zisiwe na maana moja.

Baada ya mabadiliko sukari za usiku zilitulia. Lakini kuna siku namba haifai kabisa. Mrija unaopitisha insulini chini ya ngozi ukijikunja au insulini ikivuja pembeni ya plasta, pampu huendelea kuhesabu kana kwamba dawa imeingia mwilini. Nikiona sukari inapanda huku skrini inasema zimebaki uniti 5, kwanza nakagua ngozi. Nikikuta unyevunyevu, nabadilisha mrija na dozi ya kusahihisha naichoma kwa sindano. Hiyo ya sindano pampu haiijui, kwa hiyo naandika uniti na saa kwenye karatasi, naibandika nyuma ya pampu, na siiondoi mpaka masaa 5 yapite.