Nyeri, Mji Waliouchagua

Alama ya mwisho ya njiani niliyofundishwa nikiwa skauti ni duara lenye nukta katikati. Mwalimu wetu aliichora mchangani kwa kijiti, chini ya mwembe wa shule, huko Mombasa. Akasema: "Hii maana yake nimekwenda nyumbani. Ukiikuta, usiendelee kunitafuta." Kisha akatueleza kwamba alama hiyo imechongwa juu ya kaburi la mwanzilishi wa skauti, na kwamba kaburi lenyewe haliko Uingereza. Liko hapahapa Kenya, Nyeri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Imenichukua zaidi ya miaka thelathini kwenda kuliona.

Treni ya usiku ilinifikisha Nairobi alfajiri, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimepata kiti cha dirishani katika matatu ya Nyeri. Ni mwendo wa kama kilomita 150 kuelekea kaskazini: Thika na mananasi yake, Kenol, Sagana, halafu Karatina ambako soko peke yake lingetosha kuwa safari ya siku nzima. Kwa mtu wa pwani, baridi inaanza kuuma hapo.

Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa karibu nami, kiondo mapajani. Aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kuzuru makaburi.

"Pole sana, mwanangu. Ni mzazi?"

Nilimweleza kuhusu skauti na kaburi la Baden-Powell. Akatabasamu. Alisema akiwa msichana walikuwa wakipita karibu na makaburi yale wakienda sokoni, na waliambiwa wasipige kelele. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, bila ukali wowote: "Na la Kimathi utalizuru wapi?"

Alimaanisha Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na wakoloni wa Kiingereza. Sikuwa na jibu.

Nyeri imekaa kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na asubuhi isiyo na mawingu unaviona vilele vya mlima vikiwa na theluji. Nilibahatika. Nilishuka steji, nikanywa chai ya maziwa kwa mandazi mawili, nikapanda kwa miguu hadi makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mzee anayefyeka nyasi pale alinisalimia, akanyoosha mkono kunionyesha upande wa kwenda, kwa sababu kila mgeni anaulizia kaburi lilelile.

Nilidhani nitakuta mnara mkubwa. Ni jiwe la kawaida, lenye beji ya skauti na ile ya Girl Guides, jina lake, na tarehe: alizaliwa 22 Februari 1857, akafariki 8 Januari 1941. Na duara lenye nukta. Nilichuchumaa nikaligusa kwa kidole. Mwalimu wangu amekwisha kufariki, naye hakuwahi kufika hapa. Niliweka kijiwe kimoja nilichokiokota ufukweni siku ya kuondoka, kwa niaba yake.

Mke wake, Olave, yumo humo pia. Alifia Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri yakazikwa pamoja na mumewe. Walizaliwa tarehe moja, 22 Februari, ingawa miaka ni mbalimbali, na kila mwaka tarehe hiyo inapokaribia maskauti wa Kenya hufurika mji huu.

Nyumba waliyoishi iko mwendo mfupi kutoka hapo, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Hoteli hiyo ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker, mtu aliyewahi kufanya kazi na Baden-Powell katika miaka ya mwanzo ya skauti. Baden-Powell alipomtembelea miaka ya thelathini aliupenda mji kiasi kwamba mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 81 na moyo umeanza kumsumbua, alirudi kuishi. Wakajengewa nyumba ndogo yenye baraza, wakaiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza waliyoinunua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliitwa Pax Hill, na "pax" kwa Kilatini ni amani. Hii ya Nyeri ilikuwa Pax ya pili, kwa namba ya Kiingereza, "two", lakini walijua pia kwamba Waswahili tuna neno "tu". Nililisoma jina lile nikiwa nimesimama mlangoni na sikio langu halikusikia namba yoyote. Lilisikia: amani tu. Si kitu kingine.

Ndani ukuta umejaa skafu za rangi zote, zilizoachwa na maskauti kutoka nchi nyingi. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Hapo ndipo yule askari aliyeushikilia mji wa Mafikeng, Afrika Kusini, ulipozingirwa katika vita vya Makaburu, mtu aliyepigania dola ya Kiingereza miaka mingi Afrika, alipomalizia siku zake akichora ndege na wanyama kwa rangi za maji. Katika karatasi zake ilikutwa barua ya kuwaaga maskauti, akiwasihi waiache dunia ikiwa bora kidogo kuliko walivyoikuta. Sisi tuliisoma barua hiyo shuleni tukiwa tumesimama mstarini, na bado naiamini.

Mpangaji aliyefuata wa Paxtu sikumjua kabla ya siku hiyo, na kusema kweli ndiye aliyenishughulisha zaidi. Jim Corbett alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875. Vijiji vya Kumaon vilimwita kila chui au simba-milia alipoanza kula watu. Simba-milia jike wa Champawat, aliyemuua mwaka 1907, alihesabiwa kuwa amekwisha kuua watu 436. Baadaye Corbett alipendelea kamera kuliko bunduki, akapigania misitu ya India, na hifadhi moja kubwa huko leo ina jina lake. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, yeye na dada yake Maggie, wote wawili hawakuwahi kuoa wala kuolewa, waliuhama mji waliozaliwa wakaja Nyeri. Wakakaa humuhumu Paxtu.

Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952 Corbett alikuwa Treetops, hoteli ya wageni iliyojengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Nyandarua, pamoja na binti mfalme Elizabeth na mumewe. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Sandringham, Uingereza. Corbett ndiye aliyeandika katika kitabu cha wageni kwamba msichana alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka kesho yake akiwa malkia. Habari yenyewe Elizabeth aliipata baadaye mchana, Sagana. Mugumo ni mti ambao Wakikuyu waliswalia na kutambikia chini yake tangu zamani. Hilo halimo katika kitabu cha wageni.

Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops. Corbett, aliyekimbia mabadiliko ya India, aliyakuta tena barazani kwake. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo 19 Aprili 1955, muda mfupi baada ya kumaliza kitabu chake cha mwisho, kinachohusu mti uleule. Nilirudi makaburini kulitafuta kaburi lake. Liko hatua chache tu kutoka kwa Baden-Powell, na nilikuwa nimelipita asubuhi bila kuligeukia.

Nilipita pia kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, upande wa Mathari. Humo amezikwa Amedeo wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa Italia katika Afrika Mashariki. Yeye hakuuchagua mji huu kuishi. Alikuwa mateka wa vita, akafia Nairobi Machi 1942, akalazwa hapa kati ya askari wake. Mwana wa ukoo wa mfalme, na jina lake limeandikwa kama yao.

Saa tisa hivi nilichukua bodaboda kwenda Tetu. Swali la mama wa matatu lilikuwa halijaniachia.

Dedan Kimathi alizaliwa wilaya hiihii. Alipigwa risasi ya paja na kukamatwa 21 Oktoba 1956, alipokuwa akitoka ukingoni mwa msitu, karibu mwaka mmoja na nusu baada ya Corbett kuzikwa. Alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akahukumiwa kifo hapahapa mjini mwezi uliofuata, na alinyongwa gereza la Kamiti 18 Februari 1957. Serikali ya kikoloni haikuipa familia mwili. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe mahali alipozikwa mumewe, serikali baada ya serikali. Mukami alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa.

Dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimamisha pikipiki pembeni ya shamba la chai. "Ni huku huku, kaka. Guka yangu, babu, ndiye alikuwa anatuonyesha." Msitu ulikuwa mweusi juu yetu na ukungu umeanza kushuka. Niliokota kijiti. Nilitaka kuchora duara na nukta katika vumbi la njia, kwa heshima, kama nilivyofundishwa. Nikachora duara, mkono ukasita. Alama ile husema nimekwenda nyumbani, usiendelee kunitafuta.

Nikaliacha duara bila nukta. Kijana aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado, akazima injini, tukakaa kimya mpaka mlima ukafunikwa wote.