Wembe kwenye mabua

Mpunga wetu wa Mwea, Kenya, msimu ule ulipendeza mno. Ulibaki kijani hadi ulipoanza kuiva, wala hatukuona masuke meupe yaliyokauka, yale yanayomshtua kila mkulima. Mambo yalijulikana Desemba 2009, tulipoupiga kwenye turubai. Mama alipepeta, mapepe yakaruka, yakaruka tena, na pishori, aina yetu ya kunukia, tuliyokuwa tumeshaihesabu kwa magunia ikabaki kidogo chini. Jirani mmoja alilaumu baridi ya Julai. Mwingine akasema mbolea ilichelewa.

Afisa wa kilimo alipofika na pikipiki yake, hakugusa hata suke moja. Aliingia jarubani, akang'oa shina la mabua yaliyobaki, akaomba wembe. Akapasua bua moja hadi karibu na mizizi. Chini kabisa alikuwamo kiwavi mweupe, kichwa cha kahawia, amejilaza. Akapasua la pili: yumo. La tatu halikuwa na mtu, Mama akashusha pumzi, lakini la nne lilikuwa naye.

"Huyu hakaushi mmea kama viwavi wenzake wanaotoboa mabua," alisema. "Anakula ndani polepole, chakula hakipandi kwenye suke. Kwa hiyo hamumwoni."

Baba akauliza dawa. Afisa akacheka kidogo, si kwa dharau. Kipepeo wa usiku hutaga kwenye jani, akaeleza, na gundi ya mayai hulikunja jani likayafunika. Kiwavi akishatoboa bua, unanyunyizia nani? Wakati wa kumpata ni sasa, mavuno yakiisha: amelala kwenye mabua akingoja mpunga mwingine. Lima, fungulia maji, vuruga mabua yote yaoze. Na mlime pamoja, maana kipepeo haulizi mpaka wa shamba.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sisi huku tukivuna, hatung'oi mabua. Tunayaacha yachipue, tunarudi kuvuna mara ya pili bila kununua mbegu wala kulipa vibarua wa kupandikiza. Mama alikuwa ameshapangia mavuno hayo karo ya muhula wa kwanza.

"Wewe una mshahara," alimwambia afisa. "Mimi nina hayo machipukizi."

Naye alikuwa na haki. Afisa alijua mdudu, lakini ushauri wake ulikuwa na gharama ambayo hakuilipa yeye. Baba alisimama kimya tukamsubiri. Kisha akasema trekta iletwe. Majirani wawili wa mfereji wetu walikubali, wa tatu akasema yeye machipukizi yake hayaachi, na hakuyaacha.

Trekta ilipoingia majini, yangeyange waliifuata nyuma wakidonoa kwenye tope, mimi nikiwashangilia kwa kelele. Mama hakuja kutazama. Alikuwa ameenda Wang'uru kuuza mbuzi wawili, na karo ya muhula wa kwanza ikatoka hapo.