Nilivyowagawia watoto nafasi katika igizo la nyimbo la kambi ya likizo

Katika kuandaa igizo la watoto, hakuna kinachoumiza kichwa kama kugawa nafasi. Nyimbo zinafundishika, mavazi yanashoneka, hata jukwaa la mbao za kuazima husimama. Lakini mtoto akishaambiwa yeye ni mti wa tatu, na yule anayelala kitanda cha jirani ni Simba, jambo hilo humkaa moyoni. Kwa hiyo nilipokabidhiwa igizo la kambi, watoto zaidi ya 30 wa kati ya miaka 7 na 14 na wiki mbili tu za mazoezi, nilijiwekea sharti moja kabla ya lolote: asiwepo mtoto ambaye akikosekana igizo litaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua.

Sharti hilo lilianza kufanya kazi kwenye maandishi, hata kabla sijawasikia watoto. Igizo tulilitunga wenyewe. Mto wa msituni umekauka, na wanyama wasioelewana wanalazimika kusafiri pamoja kuutafuta. Kwa kuwa lilikuwa letu, niliweza kulipanua na kulikata nitakavyo. Ukichukua igizo lenye mwenyewe mambo hubadilika. Lazima ulipie leseni, na kwa kawaida huruhusiwi kuongeza wahusika, kuondoa wimbo wala kugeuza maneno bila idhini ya mwenye haki. Yapo maigizo makubwa yaliyofupishwa kwa ajili ya watoto, ya dakika 30 au 60, na nyimbo zake zimeshushwa zilingane na sauti zao. Kwa asiye na mtunzi ni msaada mkubwa, ila asome masharti kabla ya kuanza kugawa, asije akampa mtoto mhusika ambaye hana ruhusa ya kumwongeza.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumvunja msimulizi. Maigizo mengi ya watoto yana msimulizi mmoja mwenye maneno mengi kuliko wote, naye huishia kusimama pembeni akikariri. Sisi tukamfanya kuwa samaki watano waliobaki kwenye dimbwi la mwisho. Mmoja mwoga, mmoja mjuaji, mmoja anayesahau, mmoja anayekatiza wenzake, na mmoja ambaye haamini kuwa maji yataisha. Hapo nikapata nafasi tano zenye uzito, kila moja ya maneno machache. Miti nayo tuliipa kazi: ndiyo iliyokuwa ikiwaonyesha wasafiri njia, na mmojawapo alikuwa mwongo.

Siku ya kwanza niliwapa watoto karatasi ya maswali. Wadogo walisaidiwa kuijaza. Niliuliza kama kuna siku hawatakuwepo, kama wana tatizo la kifua au la macho, na kama giza la nyuma ya jukwaa linawaogopesha. Swali lililonipa mengi kuliko yote lilikuwa hili: "Ni kitu gani usingependa kabisa kukifanya jukwaani?" Kuna walioandika kuimba peke yao. Kuna aliyeandika kuguswa nywele. Mtoto mmoja aliandika "kuchekwa kwa sababu ya unene wangu", nami karatasi ile nikaiweka kando nikaisoma tena usiku. Tangu hapo nikawaambia wasaidizi wangu kwamba hakuna atakayepewa mnyama kwa sababu ya umbo lake. Tembo alikuja kuwa binti mdogo kuliko karibu wote, mwenye mwendo wa taratibu na sauti nzito ajabu. Alipoingia jukwaani kwa hatua zake zile, hakuna aliyejiuliza tembo huyu ni wa kimo gani.

Usaili wenyewe nilianza kwa michezo. Kumsimamisha mtoto wa miaka 7 mbele ya meza yenye watu wazima watatu na kumwambia "haya imba" kunapima woga wake, na woga wa siku hiyo haukuambii atakavyokuwa baada ya wiki. Tukatembea kama wanyama, tukapokezana sauti, tukaigiza safari bila maneno. Mimi na mpiga kinanda tulikuwa tukiandika. Nani anamsubiri mwenzake? Nani anatazama anayezungumza? Nani anaendelea kuwa chui hata baada ya mimi kugeuka? Mtoto anayesikiliza jukwaani ana thamani kubwa sana, na usaili wa mmoja mmoja hauwezi kukuonyesha hilo.

Sauti tulizisikia watoto wakiwa watatu watatu, kisha kila mmoja mstari mmoja. Tulitumia wimbo wa siku ya kuzaliwa, kwa kuwa hakuna anayehitaji kufundishwa, na kwa kuwa ni kipimo kizuri kuliko unavyodhaniwa. Mstari wake wa tatu unaruka oktava nzima, yaani noti nane za ngazi ya muziki, kutoka so ya chini hadi so ya juu. Sauti za watoto wengi wa shule ya msingi hustarehe kati ya noti ya C ya katikati ya kinanda na C au D inayofuata juu yake. Basi ukiuanzia wimbo huo kwenye C ya katikati, umempima mtoto eneo lake lote kwa muda mfupi sana. Akikwama kwenye ule mruko, unashuka kidogo na kumrudisha. Wengi walioonekana hawawezi kuimba walikuwa wameanzishiwa mahali pasipo pao. Nilichokataa ni kumpa alama mtoto kwa ukubwa wa sauti. Anayepiga kelele katika usaili atakuwa amekauka koo kabla ya siku ya kuonyesha, na sauti ndogo iliyo safi inaweza kupewa kipaza sauti.

Wavulana wa miaka 12 hadi 14 walihitaji uangalifu wa peke yake. Katika umri huo wengi huvunja sauti, na leo anaweza kufika noti ambayo kesho haipatikani. Tulikuwa na mmoja wa miaka 13, mwigizaji wa kweli, aliyekataa kuufungua mdomo tulipofika kwenye kuimba. Nikamwita pembeni. Nikamweleza kinachotokea kooni mwake, kwamba nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na kwamba hakuna kilichoharibika. Nikampa Kobe, mzee wa safari, na wimbo wake tukaugeuza kuwa maneno ya kusemwa kwa mapigo juu ya muziki, huku wenzake wakiitikia. Lile neno la mwisho aliliimba kwa noti yoyote iliyopatikana siku hiyo.

Kusoma sikukutumia kabisa. Wapo watoto wenye akili kali na vipaji vikubwa ambao maandishi huwasumbua, na kuwapa karatasi waisome papo hapo ni kuwafungia mlango. Niliwafundisha sentensi moja kwa mdomo: "Mto umekauka." Kisha nikawaomba waiseme mara ya kwanza kama siri, mara ya pili kama wanamwita mtu aliye ng'ambo, mara ya tatu kama wenyewe hawaamini wanachokisema. Kwangu hiki ndicho kiini cha usaili wa watoto. Namtazama mtoto anavyobadilika akielekezwa, kwa sababu wiki mbili zote zitakuwa za kuelekezwa. Mvulana mmoja mwenye sauti ya kuvutia, ambaye kila mtu alishamwona kuwa Simba, aliisema kwa namna ileile mara zote tatu, vizuri, lakini ileile. Baada yake akaja binti wa miaka 9 aliyekuwa akijificha nyuma ya dada yake. Mara ya kwanza hakusikika. Mara ya pili aliinua mkono juu ya macho kama anayetazama mbali, akavuta pumzi, akaita. Mara ya tatu alipiga magoti, akagusa sakafu kwa kiganja, akakitazama kile kiganja, ndipo akasema kwa sauti ya chini. Mpiga kinanda akaacha kuandika. Sikuwa nimemwambia kitu chochote kuhusu mikono wala sakafu.

Huyo ndiye aliyekuwa Sungura, mhusika mkuu wetu. Yule mvulana nikampa samaki asiyeamini kuwa maji yataisha, pamoja na wimbo mzima wa mwanzo, kwa kuwa sauti yake iliustahili na mhusika mwenyewe habadiliki hadi mwisho.

Kabla ya kuamua niliandika majina kwenye vipande vya karatasi nikavipanga mezani, onyesho kwa onyesho, yaani sehemu moja ya igizo baada ya nyingine, ili nione nani yuko na nani. Ndugu wawili sikuwatenganisha kwa mbali, mmoja juu kabisa na mwingine kando kabisa, kwani wangerudi nyumbani gari moja. Marafiki waliogandana niliwapa maonyesho tofauti lakini wimbo mmoja pamoja. Kila nafasi kubwa niliipatia mbadala, na mbadala nilimchagua miongoni mwa wanaokuwa jukwaani wakati mhusika huyo anazungumza, maana anayasikia maneno hayo kila zoezi na huyashika bila kuhangaika. Mtindo wa watoto wawili kugawana mhusika mmoja, kila mmoja na siku yake, nauheshimu, lakini kwa kambi fupi nauona mzito, kwani unakula muda wa mazoezi maradufu. Penye ulazima, afadhali wapokezane katikati ya igizo kwa ishara inayoonekana, kama kofia kuvuliwa kichwa kimoja na kuvalishwa kingine mbele ya watazamaji.

Watoto watatu hawakutaka jukwaa. Sikuwabembeleza. Niliwapeleka nyuma na kuwapa kazi ambazo bila hizo igizo lingekwama. Mmoja alishika bati jembamba la kutikisa, ndilo radi. Mwingine taa. Wa tatu alikuwa na daftari la maneno, na anayesahau humtazama yeye. Majina yao yaliandikwa kwenye orodha ileile ya wahusika, si chini yake. Radi ilipochelewa kwenye zoezi, Simba mwenyewe alikwenda nyuma kumuuliza mwenzake, "Uko tayari? Nikusubiri?"

Wazazi niliwahi kuwaeleza siku ya kuwapokea watoto, kabla sijamsikia mtoto hata mmoja, kwamba nafasi zitagawiwa kwa namna gani na kwamba maneno mengi si kipimo cha kupendwa. Hata hivyo mama mmoja alinipigia simu.

"Mwalimu, huyu wangu anaimba tangu ana miaka mitatu. Samaki kweli?"

"Mama, yeye ndiye anayefungua igizo. Taa zikiwaka, sauti ya kwanza kusikika ni yake."

Akanyamaza kidogo. "Na Sungura je?"

Sikumlinganisha mwanawe na binti wa watu. Nilimweleza kile nilichokiona kwa mwanawe tu, na mahali kile nilichokiona kinapohitajika. Naamini mzazi ana haki ya kusikia hivyo, na hana haki ya kusikia habari za mtoto wa mwenzake.

Orodha niliitangaza asubuhi. Waongozaji wengi hupendelea jioni, mtoto akalilie kwao, lakini kambi yetu ilikuwa ya kulala, na mtoto mwenye huzuni gizani hana wa kumkimbilia. Waliokuwa wametaja kuwa wanamtaka Sungura au Simba wakakosa, niliwaambia mmoja mmoja kabla ya wengine kusikia. Sikumwambia yeyote kwamba nafasi zote ni sawa. Mtoto anajua kuhesabu mistari. Nilimwambia nilichompa na sababu yake, nikamwacha anune kama anataka kununa. Kisha kila mmoja akapewa kadi yenye jina la mhusika wake na sentensi moja: jambo ambalo asipolifanya hadithi inakwama. Mti mwongo: "Usipowadanganya, hawatafika kwenye pango." Tukaingia kwenye zoezi papo hapo, na hadi muda wa mapumziko wengi walikuwa wakitambiana kadi zao.

Baada ya hapo sikumnyang'anya mtu nafasi. Mtoto akizidiwa na maneno, maneno ndiyo yalihama. Samaki anayesahau alikuwa anasahau kwelikweli, basi mistari yake miwili ikaenda kwa yule anayekatiza wenzake, na onyesho likachangamka zaidi.

Asubuhi ya siku ya kuonyesha Sungura aliamka sauti imekwenda. Alijaribu kunisalimia, ikatoka pumzi tupu. Nilimkataza hata kunong'ona, maana kunong'ona nako kunaweza kulichosha koo. Mbadala wake, binti wa miaka 11 aliyekuwa miongoni mwa miti, aliyajua maneno yote. Tungeweza kumvalisha masikio na kumpeleka mbele. Lakini mti wake ndio uliokuwa mwongo, na hakuna mwingine aliyeuweza. Tukaketi watatu, mmoja akijibu kwa kichwa tu. Tukaamua Sungura aigize kwa mwili, na maneno na nyimbo zitoke kwa mti, popote mti utakapokuwa umesimama. Tulipitia mara moja tu kabla ya wageni kuingia. Penye uongo wa mti, binti yule alisema maneno ya mti kwa sauti yake ya mti, akageuza uso upande wa pili, na Sungura akajibu kwa sauti iliyotoka kwenye matawi yaleyale. Watazamaji walilipokea kama lilivyo. Pale kwenye "Mto umekauka" ya mwisho tulikubaliana pasiwe na maneno kabisa: Sungura akapiga magoti, akagusa sakafu, akakitazama kiganja chake, na yule mtoto wa bati akaipiga radi kwa wakati wake.