Kumbukumbu ya mradi: kupanga maarifa ya watumiaji wa QGIS kwa Kiswahili

Kazi ya kukusanya kwa Kiswahili maelezo ya QGIS, programu ya kutengeneza na kuchambua ramani, ambayo ninaifanya jioni pamoja na wenzangu wachache wa upimaji ardhi na mipango miji, imefika hatua ya kuamua kila ukurasa ukae wapi. Nyaraka rasmi za programu hiyo huria ni pana na hatuna sababu ya kuzirudia: upo mwongozo wa mtumiaji, upo wa mafunzo, na kipo kitabu cha wanaotaka kuiendesha kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kinachokosekana ni majibu kwa mtu mwenye data za hapa kwetu. Majibu hayo yapo, lakini yametawanyika katika vikundi vya WhatsApp, ambako maelezo mazuri ya leo hufunikwa na mazungumzo ya kesho.

Ukurasa uliotuchukua muda mrefu kuliko yote unajibu swali hili: "Kwa nini viwanja vyangu havikai juu ya picha ya setilaiti?" Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa kuonyesha mahali kwa namba, ilhali GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na tofauti kati ya mifumo hiyo huku kwetu ni takriban mita 300. Kwa Dar es Salaam, iliyo katika kanda ya 37 kusini ya UTM (mgawanyo wa dunia katika kanda za ramani), msimbo wa mfumo wa kwanza katika EPSG, orodha ya kimataifa ya mifumo hiyo, ni 21037 na wa pili ni 32737. Kwa Mwanza, iliyo kanda ya 36, ni 21036 na 32736.

Misimbo peke yake haitoshi. Ilitubidi tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, yaani kulitambulisha tabaka (seti moja ya data kwenye ramani) kwamba namba zake ni za mfumo fulani, na kuligeuza ili namba zenyewe zibadilike. Anayelitambulisha tabaka la Arc 1960 kuwa la WGS 84 hajahamisha nukta hata moja, na kosa hilo humfuata kila atakayepokea faili lake.

Nimeshikilia kwamba kichwa cha ukurasa kiwe swali kama linavyoulizwa, na kwamba kila ukurasa utaje toleo la programu na uwe na mlezi wa kuutunza. Toleo la 3.0 lilipotoka mwaka 2018 likiwa limehamia Python 3 na Qt 5, matoleo mapya ya zana ilizojengewa, programu-jalizi (nyongeza za kuipa uwezo zaidi) nyingi za awali hazikufanya kazi mpaka zilipoandikwa upya, na maelekezo yasiyotaja toleo yaliendelea kupoteza watu. Mradi wa QGIS wenyewe una nidhamu ninayoipenda: uwezo mpya unapoingizwa kwenye programu, hufunguliwa tiketi (taarifa ya kazi inayosubiri kufanywa) upande wa nyaraka ili maelezo yake yaandikwe.

Ukurasa unaofuata ni wa wenye data zinazovuka nyuzi 36 mashariki, mpaka wa kanda hizo mbili, ambao unapita upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Mlezi wake bado hajapatikana, na anayefanya kazi Dodoma au Manyara ndiye angeufaa zaidi.